Kipimo cha Kweli: Jinsi ya Kuandaa Mbio za Kumkumbuka John Akii-Bua Arua na Koboko

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, polisi kijana kutoka Lango aitwaye John Akii-Bua alikimbia mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alipangiwa njia ya 1, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko za njia nyingine zote. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda, na ya pili ilingoja miaka 40, hadi Stephen Kiprotich alipoileta kutoka London mwaka 2012.

Mwaka 1979, vita vilipomwondoa Idi Amin, Akii-Bua alivuka mpaka akaingia Kenya, akawekwa katika kambi ya wakimbizi, kisha akaenda Ujerumani. Baadaye alirudi nyumbani, na alifariki tarehe 20 Juni 1997. Katika miaka iliyofuata kuanguka kwa Amin, watu wa Arua na Koboko walivuka kwa maelfu kwenda Sudan na Zaire, Kongo ya leo. Leo kanda yao, West Nile, ndiyo inayowapokea waliokimbia Sudan Kusini na Kongo, katika makazi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Kwa hiyo mbio za hisani za kumkumbuka bingwa aliyewahi kuwa mkimbizi zina mahali pake hapa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati inayotaka kuziandaa. Ufuate kama ulivyo, bila kuruka hatua. Jina la Akii-Bua linaishi kwa sababu saa iliyompima haikubahatisha. Mbio zinazobeba jina lake zisibahatishe umbali, muda wala shilingi.

Maneno yatakayotumika

- Mbio: shindano moja la kilomita 10 barabarani. Mbio ni mbili: za Arua, na za Koboko siku 7 baadaye.
- Siku 0: siku ya Mbio za Arua. Siku nyingine zote zinahesabiwa kutoka hapo.
- Mstari: mstari mmoja wa kuanzia na kumalizia.
- Mgeuko: mahali wakimbiaji wanapozunguka koni na kurudi.
- Msingi: mita 300 zilizopimwa kwa utepe wa chuma, za kusawazishia baiskeli.
- Kigezo: idadi ya mizunguko ya gurudumu la mbele katika kilomita 1, pamoja na ziada ya kinga (Hatua ya 7).
- Daftari: kitabu kimoja tu cha fedha za Mbio.
- Mlinzi: mtu aliyesimamishwa barabarani kuongoza wakimbiaji.

Saa zimetajwa kwa Kiswahili, na saa ya simu imewekwa kwenye mabano.

Hatua ya 1. Omba idhini ya kutumia jina (siku 120 kabla)

Andika barua ya ukurasa mmoja kwa familia ya marehemu na uipeleke Lira kwa mkono. Tuma watu wawili, mmoja wao awe mzee anayejua kuzungumza mbele ya wazee wenzake. Barua itaje mambo manne kama yanavyotarajiwa, yatakayothibitishwa katika Hatua ya 2 hadi ya 4: nani anaandaa, Mbio zitakuwa wapi na lini, fedha zitanunua nini, na nani atakagua hesabu.

Waelekeze wajumbe kabla hawajaondoka. Ukoo wa Amin ulitoka Koboko, na utawala wake uliwaua watu wengi wa Lango na Acholi. Baada ya Amin kuanguka, raia wa West Nile nao waliuawa na kufukuzwa makwao. Nyumba mbili zenye makaburi ya namna hiyo hazizungumzi kwa haraka. Wajumbe wasikilize hadi mwisho, wasijitetee, na wasiombe sahihi siku hiyo hiyo.

*Ukaguzi:* barua imerudi na sahihi ya msemaji wa familia. Bila sahihi hiyo, jina lisichapishwe kwenye fulana wala bango, wala lisitajwe redioni. Simama hapa.

Hatua ya 2. Taja lengo moja linalohesabika (siku 100 kabla)

Usiandike "kusaidia vijana" wala "kuinua michezo". Andika kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu anaweza kukihesabu. Mwongozo huu unatumia lengo hili: viunzi 20 vya kuruka, 10 kwa shule moja ya upande wa Arua na 10 kwa shule moja ya Koboko, zote zikiwa shule zinazosomesha watoto wakimbizi pamoja na watoto wenyeji. Viunzi 10 vinatosha njia moja kamili ya mita 400.

Mpe fundi wa kuchomelea vyuma vipimo hivi kwa maandishi:

- upana wa kiunzi: sentimita 118 hadi 120;
- ubao wa juu: kimo cha sentimita 7, uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa kupishana;
- urefu wa miguu ya chini: usizidi sentimita 70;
- uzito: usipungue kilo 10;
- matundu ya pini kwa vimo vitatu: sentimita 76.2, 83.8 na 91.4.

Omba bei kwa mafundi watatu, kila moja kwenye karatasi yenye sahihi.

*Ukaguzi:* karatasi tatu zimegundishwa kwenye Daftari, na bei iliyochaguliwa imeandikwa pamoja na sababu ya kuchaguliwa.

Hatua ya 3. Unda kamati ya watu 7 na ufungue Daftari (siku 95 kabla)

Gawa kazi hivi: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mkuu wa njia, mkuu wa muda, mkuu wa afya, na mkaguzi. Mkaguzi asiwe ndugu wa mweka hazina na asishike fedha hata kwa dakika moja. Angalau watatu watoke Koboko. Kikundi kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha kifungue akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, ambapo wawili kati yao wanatosha kutoa fedha. Namba ya kupokelea pesa za simu isajiliwe kwa jina la kikundi, kamwe isiwe kwa jina la mtu.

Tumia Daftari la kurasa zilizoshonwa, na kila ukurasa uupe namba kwa wino kabla ya kuandika chochote. Kosa likatwe kwa mstari mmoja ili lisomeke, na pembeni iwekwe sahihi. Ukurasa usichanwe.

*Kanuni ya fedha:* gharama za Mbio (maji, namba, usafiri) zilipwe na wafadhili. Ada ya mkimbiaji yote inunue viunzi. Andika kanuni hii kwenye ukurasa wa 1.

*Ukaguzi:* mkaguzi amehesabu kurasa za Daftari na kuandika idadi yake nyuma ya jalada.

Hatua ya 4. Weka tarehe na uwasilishe barua (siku 90 kabla)

Tafuta Jumamosi iliyo tarehe 20 Juni au iliyo karibu zaidi kabla yake. Hiyo ni siku ya Koboko. Jumamosi iliyotangulia ni Siku 0, ya Arua. Kwa mpango huu Mbio haziwezi kuangukia tarehe 24 Juni, siku ambayo watu wa Arua wanawakumbuka raia waliouawa katika misheni ya Ombaci mwaka 1981. Siku 0 ikiangukia tarehe 9 Juni, Siku ya Mashujaa, muulize kwanza DPC (mkuu wa polisi wa wilaya) kama atakuwa na askari wa kutosha.

Peleka barua, nakala mbili kila mahali, ili moja irudi na mhuri: kwa DPC, kwa RCC wa Arua na RDC wa Koboko (wawakilishi wa Rais), kwa halmashauri ya jiji na ya manispaa, na, njia ikishachaguliwa (Hatua ya 5), kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kila kijiji kinachopitiwa nayo. Makanisa na misikiti iliyo kando ya njia ipewe taarifa ya maandishi.

*Ukaguzi:* idadi ya nakala zenye mhuri ni sawa na idadi ya barua zilizopelekwa.

Hatua ya 5. Chagua njia (siku 60 kabla)

Epuka barabara kuu ya lami itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba. Ina urefu wa kilomita 92, inaunganisha mpaka wa Kongo na mpaka wa Sudan Kusini, na malori yake hayasimami kwa ajili ya filimbi. Chukua barabara ya pembeni inayotimiza masharti haya yote:

1. ina urefu wa kilomita 5 na zaidi bila kukata barabara kuu;
2. upana wake haupungui mita 6;
3. haina daraja lenye upana wa chini ya mita 4;
4. gari la wagonjwa linaweza kufika popote kwenye njia ndani ya dakika 10.

Wakimbiaji watakwenda kwa upande wa kushoto, watazunguka koni ya Mgeuko, na kurudi kwa upande wao wa kushoto tena. Katikati patakuwa na koni, moja kila mita 50.

*Ukaguzi:* mkuu wa njia na mkuu wa afya wameitembea njia yote kwa miguu, wakaandika kila shimo, kila mfereji na kila mahali ng'ombe wanapovukia.

Hatua ya 6. Pima Msingi (siku 45 kabla, asubuhi)

Sitasahau kosa langu. Mbio za kwanza nilizosaidia kuandaa, nilipima njia kwa mita ya pikipiki nikatangaza kilomita 10. Msichana mmoja alimaliza akapiga magoti, akiamini amevunja rekodi yake kwa zaidi ya dakika mbili. Tulipopima upya kwa utepe, njia ilikuwa na upungufu wa mita 600. Nilimweleza mwenyewe, ana kwa ana. Hakusema neno, aliikunja ile karatasi ya matokeo mara nne akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo sipimi njia kwa mita ya pikipiki wala kwa simu.

*Vifaa:* utepe wa chuma wa mita 50, mizani ya kuning'iniza kama ya buchani, misumari 7, nyundo, rangi nyeupe, kipimajoto.

1. Chagua barabara iliyonyooka na tambarare.
2. Anza saa 12:45 asubuhi (6:45), kabla jua halijapasha utepe. Utepe wa chuma hutengenezwa kwa kipimo cha nyuzi 20.
3. Piga msumari wa kwanza. Nyoosha utepe kwa mvuto wa kilo 5 kwenye mizani na upige msumari kwenye mita 50.
4. Rudia hadi vipande 6 vitimie.
5. Pima tena kutoka mwisho kuelekea mwanzo.
6. Ukilazimika kupima joto likiwa nyuzi 30, rudisha msumari wa mwisho nyuma sentimita 3.5, kwa kuwa utepe umerefuka.

*Ukaguzi:* vipimo viwili vinatofautiana kwa sentimita 3 au pungufu. Vikizidi, ng'oa misumari uanze upya.

Hatua ya 7. Pima njia kwa baiskeli (siku hiyo hiyo)

*Vifaa:* baiskeli yenye magurudumu yaliyojazwa upepo vizuri, kihesabio cha mitambo kilichofungwa kwenye uma wa mbele kinachosukumwa mara moja kwa kila mzunguko, vipande vinne vya utepe wa rangi kwenye spoku ili kusoma robo ya mzunguko, waendesha baiskeli wawili, na pikipiki ya polisi nyuma yao.

1. Panda baiskeli kwenye Msingi mara 4 na uandike mizunguko. Mfano: 136.25, 136.50, 136.25, 136.50. Wastani ni 136.375.
2. Gawa wastani kwa 0.3 upate mizunguko ya kilomita 1: 454.58.
3. Zidisha kwa 1.001. Ziada hii ya mita 1 kwa kila kilomita ndiyo kinga inayotumiwa na wapimaji wa mbio duniani ili njia isipungue kamwe. Jibu, 455.04, ndilo Kigezo.
4. Zidisha Kigezo kwa 10, kisha panda hadi robo inayofuata. Katika mfano huu, kilomita 10 ni mizunguko 4,550.50.
5. Anzia kwenye Mstari. Endesha pale ambapo mkimbiaji mjanja angepita: sentimita 30 kutoka ukingo wa ndani wa kila kona, na kwa mstari ulionyooka kutoka kona hadi kona. Usivuke mstari wa koni za katikati.
6. Ukifika mizunguko 2,275.25, weka alama ya muda ya Mgeuko. Zunguka, rudi kwa upande wa kushoto hadi kwenye Mstari, kisha soma jumla.
7. Jumla ikipungua, gawa upungufu kwa 2 na usogeze Mgeuko mbele kwa kiasi hicho. Mfano: umesoma 4,546.50. Upungufu ni mizunguko 4, nusu yake ni 2. Mzunguko mmoja hapa ni mita 2.20, kwa hiyo sogeza Mgeuko mbele mita 4.40. Jumla ikizidi kwa zaidi ya mizunguko 4, sogeza nyuma kwa hesabu hiyo hiyo.
8. Mwendeshaji wa pili asawazishe baiskeli yake kwenye Msingi na apime upya bila kuonyeshwa namba za wa kwanza. Akipata njia fupi, sogeza Mgeuko mbele mpaka vipimo vyote viwili vitimize kilomita 10.
9. Rudi kwenye Msingi, panda tena mara 4. Jua hubadilisha upepo wa gurudumu. Kigezo kipya kikiwa kikubwa kuliko cha asubuhi, tumia kipya na usogeze Mgeuko.

Piga msumari wa kudumu kwenye Mstari na kwenye Mgeuko. Piga picha kila msumari pamoja na kitu kisichohama, kama nguzo ya umeme au kona ya jengo, na uandike umbali kati yao kwa sentimita.

*Ukaguzi:* vipimo vya waendeshaji wawili vinatofautiana kwa mita 10 au pungufu. Rudia Hatua ya 5 hadi ya 7 kwa njia ya Koboko.

Hatua ya 8. Sajili wakimbiaji (siku 40 hadi 7 kabla)

Weka kikomo cha wakimbiaji 300 kwa kila Mbio. Toa namba 001 hadi 300 Arua, na 501 hadi 800 Koboko, ili namba moja isitokee mara mbili kwenye matokeo. Ada ikiwa, kwa mfano, shilingi 20,000, Mbio moja iliyojaa inaingiza 6,000,000. Kila ada iwe na risiti, na namba ya risiti iandikwe kando ya namba ya mkimbiaji.

Nyuma ya namba ya kifua mkimbiaji aandike simu ya ndugu na ugonjwa alionao, kama pumu au selimundu. Toa pini 4 kwa kila namba: pini 1,200 kwa kila mji. Tangaza masharti kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiarabu cha Juba. Sharti moja lisomwe kwa sauti mara mbili: mwenye homa asikimbie, hata kama ameshalipa.

*Ukaguzi:* idadi ya namba zilizotolewa, mara ada, ni sawa na fedha zilizoingia kwenye akaunti. Zikitofautiana, usajili usimame hadi tofauti ipatikane.

Hatua ya 9. Andaa maji na huduma ya kwanza (siku 1 kabla)

Vituo vya maji ni viwili: kilomita 2.5, ambapo mkimbiaji hupita mara mbili, na kwenye Mgeuko. Hesabu hivi kwa wakimbiaji 300:

- mililita 200 kwa mtu, mara 3: lita 180;
- nusu lita kwa mtu baada ya kumaliza: lita 150;
- jumla: lita 330, yaani jerikeni 17 za lita 20;
- akiba: jerikeni 3;
- vikombe: 1,320, pamoja na akiba ya asilimia 10.

Maji yachemshwe jana yake, yapoe, na kila jerikeni ifungwe kwa utepe wenye saa ya kuchemshwa.

Weka gari moja la wagonjwa kwenye Mstari na jingine kwenye Mgeuko. Arua, gari lielekee Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Koboko, Hospitali ya Koboko. Hospitali ipewe taarifa ya maandishi na ithibitishe kwa simu jioni ya jana yake.

Weka wahudumu 6 wa huduma ya kwanza, na wote wakariri kanuni hii: mkimbiaji anayeyumba, anayezungumza ovyo, na ambaye ngozi yake ina moto mkali, apozwe kwanza, asafirishwe baadaye. Mlaze kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kukoma. Asiye na fahamu asimiminiwe maji mdomoni.

*Ukaguzi:* mkuu wa afya amewauliza wahudumu watatu kanuni hiyo bila kuwaonyesha karatasi, na wote wameisema sawa.

Hatua ya 10. Panga Walinzi (Siku 0, saa 12:00 asubuhi, 6:00)

Simamisha Mlinzi mmoja kwenye kila njia panda na kila mahali pa kuvukia, na wawili kwenye Mgeuko. Kila Mlinzi awe na fulana inayong'aa, filimbi, na karatasi yenye simu tatu: ya mkuu wa njia, ya mkuu wa afya, na ya polisi. Zungumza na viongozi wa bodaboda wa kila kituo kilicho njiani. Wakijua saa ya kufunga na saa ya kufungua, watawazuia wenzao wenyewe.

*Ukaguzi:* mkuu wa njia amepita kwa pikipiki, na kila Mlinzi amepiga filimbi moja alipomwona. Asipokuwepo mmoja, Mbio hazianzi.

Hatua ya 11. Anzisha Mbio (saa 1:30 asubuhi, 7:30)

1. Saa 1:15 waite wakimbiaji kwenye Mstari, wenye kasi mbele.
2. Msimulizi aseme sentensi tatu tu: Akii-Bua alikuwa nani, ada itanunua nini, na saa ya mwisho ni ipi.
3. Nyamazeni kwa sekunde 47, zikihesabiwa kwa saa ya mkono.
4. Mkuu wa muda ainue mkono, kisha apige filimbi moja ndefu. Saa mbili za kupimia zianze kwa filimbi hiyo hiyo.

Ikisikika radi, ahirisha. Anza dakika 30 baada ya radi ya mwisho, si kabla. Njia ifungwe saa 3:30 (9:30), na gari la mwisho liwachukue waliobaki.

*Ukaguzi:* saa mbili zinatofautiana kwa nusu sekunde au pungufu. Zikizidi, andika tofauti hiyo na tumia inayoonyesha muda mrefu.

Hatua ya 12. Rekodi muda na nafasi

Baada ya Mstari, tengeneza ujia wa kamba wenye urefu wa mita 15 na upana wa mtu mmoja. Wakimbiaji wasipitane ndani yake. Watu watatu wafanye kazi hii na hakuna mwingine azungumze nao:

- Msomaji asome saa kwa sauti kila kifua kinapovuka Mstari. Kila mtu wa 10 ataje pia namba yake.
- Mwandishi wa muda aandike muda tu, mstari mmoja kwa mtu mmoja.
- Mwandishi wa namba akae mwisho wa ujia aandike namba tu, kwa mfuatano wa kutoka.

Sehemu ya sekunde ipandishwe kuwa sekunde kamili: 34:12.3 inaandikwa 34:13. Ndivyo kanuni za mbio za barabarani zinavyotaka kwa saa za mkono.

*Ukaguzi:* orodha mbili zina idadi sawa ya mistari, na namba ya kila mtu wa 10 inalingana. Zisipolingana, rudini hadi mtu wa 10 wa mwisho aliyelingana, mtafute kosa kuanzia hapo. Matokeo yasitangazwe kabla ya kulingana, hata umati ukipiga kelele.

Hatua ya 13. Hamishia vifaa Koboko (Siku 0 hadi siku ya 6)

Hesabu kila koni, fulana, saa na kikombe kilichobaki, andika, kisha pakia. Kamati ikae jioni ile ile, watu wakiwa bado wanakumbuka, na iandike makosa ya Arua: moja kwa mstari, na mbele yake jina la atakayelirekebisha. Siku ya 6 rudia Hatua ya 9 Koboko, na siku ya 7 Hatua ya 10 hadi ya 12.

*Ukaguzi:* kila mstari wa makosa umewekewa alama ya kurekebishwa kabla filimbi ya Koboko haijalia.

Hatua ya 14. Funga hesabu (siku ya 21)

Andika kwenye ukurasa mmoja: ada zilizoingia, michango iliyoingia, gharama zilizolipwa na wafadhili, bei ya viunzi, na salio. Mkaguzi alinganishe Daftari, taarifa ya benki na taarifa ya pesa za simu. Bandika nakala kwenye ofisi za LC1 zilizopitiwa na njia, kwenye shule zote mbili, na utume moja Lira kwa familia.

*Ukaguzi:* vyanzo vitatu vinatoa salio moja, hadi shilingi ya mwisho.

Hatua ya 15. Kabidhi viunzi (siku ya 35)

Pima kila kiunzi mbele ya mwalimu kabla ya kusaini: upana, uzito, vimo vitatu. Kibovu kirudi kwa fundi siku hiyo.

Kisha panga viunzi 10 kwenye njia ya 1 ya uwanja wa shule, kwa utepe ule ule wa chuma: mita 45 kutoka mwanzo hadi kiunzi cha kwanza, mita 35 kati ya kiunzi na kiunzi, na mita 40 kutoka cha mwisho hadi mwisho. Jumla ni 400. Weka pini kwenye sentimita 76.2. Miguu ya kiunzi ielekee upande anakotokea mkimbiaji, ili akikigonga kiangukie mbele. Kikigeuzwa, hakianguki kwa urahisi, na kinaweza kumvunja mtoto mguu. Mwonyeshe mwalimu kwa kukisukuma kiunzi kwa mkono, kwanza kikiwa sawa, kisha kikiwa kimegeuzwa, mpaka aisikie tofauti mkononi mwake.

Mtoto mmoja mkimbizi na mmoja mwenyeji waruke viunzi hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwenye njia ya 1. Pima muda wao kwa saa ya Mbio, uandike, na uwape karatasi yenye mhuri wa shule. Karatasi hiyo ina ukweli wote: umbali uliopimwa, muda uliosomwa, jina lililoandikwa sawasawa.

*Ukaguzi:* mwalimu mkuu amesaini kupokea viunzi 10, na kila kiunzi kina namba iliyochongwa kwenye chuma, 1 hadi 10.

Hatua ya 16. Rudi uhesabu (siku ya 180)

Nenda na mkaguzi kwenye shule zote mbili, bila kuwaarifu mapema. Hesabu viunzi kwa namba zilizochongwa. Kisichoonekana kiandikwe kuwa hakipo. Kilichovunjika kiandikwe kimevunjika wapi. Muulize mwalimu ni lini mara ya mwisho viunzi vilitoka stoo, kisha muulize mtoto swali hilo hilo.

Andika majibu yote mawili kwenye ukurasa wa mwisho wa Daftari na uitumie familia nakala. Baada ya hapo rudi kwenye Hatua ya 1, kwa kuwa idhini ya jina ni ya mwaka mmoja, na kila mwaka inaombwa upya.

*Ukaguzi:* vilivyoandikwa, viunzi 20. Vilivyoonekana kwa macho, viunzi 20.